Chuma Kilichoacha Kuitikia

Mwanamke huyu alipewa jina zuri na wazazi wake, na jina hilo limeandikwa bila kosa katika vyeti vyake vyote. Lakini ukimwulizia kwa jina hilo mtaani kwao, utarudi ulikotoka na vumbi la viatu tu. Ulizia Shikamoo Chuma, na watu wataacha walichokuwa wakikifanya ili wakusindikize hadi mlangoni.

Jina hilo lilitungwa na kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na chumba cha kazi cha mwanamke huyu, fundi wa kompyuta, na ambaye kazi ya mikono haijawahi kumzuia kuifanya ile ya macho. Asubuhi moja, katika siku zake za kwanza mtaani, fundi aliwekewa mezani kompyuta iliyokufa. Kabla ya kuifungua alisimama, akaweka kiganja juu ya bati tupu la kasha, akainamisha kichwa kutafuta skrubu zilipo, na midomo yake ikawa inacheza, kwa kuwa ana tabia ya kujikumbusha hatua za kazi kwa kunong'ona. Kinyozi aliyaona hayo yote kutoka ng'ambo ya barabara. Aliuacha wembe, akamwacha na mteja mwenye nusu ya kichwa, akavuka.

"Unamwombea marehemu, fundi?"

"Bado sijajua kama ni marehemu. Kwanza nakisalimia chuma."

"Unakiambiaje?"

"Shikamoo."

"Nacho?"

Fundi si msemaji, na alitaka kuendelea na kazi. "Kikiwaka baadaye," alisema, "ndiyo marahaba yake."

Habari hiyo ilifika mwisho wa mtaa yule mteja akiwa bado ana nywele upande mmoja.

Jambo lenyewe lilikuwa na maana yake. Mwili wa binadamu, hasa siku za upepo mkavu, hujikusanyia chembe ya umeme ambayo mwenyewe haihisi. Chembe hiyo ikirukia vile vifaa vyembamba vilivyomo ndani ya kompyuta, huweza kuviua bila moshi wala mlio. Anayeligusa bati tupu kwanza huutua umeme huo pembeni, kama mtu anayefuta viatu kabla ya kuingia sebuleni kwa watu. Fundi alijaribu kulieleza hilo mara kadhaa, kisha akaona kwamba jina limefanya kazi ambayo maelezo yaliishindwa. Akaligeuza kuwa sheria ya chumba: hakuna mkono unaoingia ndani ya kasha kabla haujakisalimia chuma.

Mume wake, mpaka rangi wa nyumba, mtu mpole kiasi cha kuweza kuuomba ukuta radhi kabla ya kuupiga brashi, huligusa bati hata anapoleta chai tu. Tena huligusa huku kikombe kikimwagika, na fundi amemwonya kwamba hapo hatari si umeme tena, ni chai.

Wifi yake, dada mkubwa wa mume, alikuwa na maoni tofauti. Yeye ni msimamizi wa stoo, na amezoea kuvipanga vitu kwenye rafu na kuvikuta palepale alipoviweka. "Chuma kinapata shikamoo kumi kwa siku," alipenda kusema mbele za watu. "Sisi mawifi tunapata moja, nayo tunapewa kwa mkono wenye bisibisi."

Lakini kisa hiki ni cha mama mkwe.

Mama mkwe wa fundi anajulikana kwa jina la Mama Barua. Alipostaafu kazi ya kupiga chapa katika ofisi kubwa, wenzake walimwandalia sherehe, wakampa saa ya ukutani, wakamwambia sasa apumzike. Alipumzika mwisho wa juma. Jumatatu alikodi chumba kilichopakana na kibanda cha kinyozi, akaitundika ile saa, akaweka meza, printa, benchi la wateja, na kompyuta ya mezani ambayo ofisi yake ya zamani ilikuwa ikiiondoa kwa uchakavu.

"Tumestaafishwa pamoja," alizoea kusema, akiipigapiga mgongoni, "na hakuna aliyetuuliza."

Hapo aliwapigia watu barua za maombi ya kazi, hotuba za arusi, taarifa za vikao na malalamiko ya kila namna. Aliyekuja na maneno aliondoka na maneno yaliyonyooka. Hakuwa akiitazama kibodi, wala skrini hakuitazama sana. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya mteja, ambayo mara nyingi ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa akikimbia.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na sauti. Ilipowashwa ilinguruma kama kinu kilichomeza kijiko, ikatikisa meza, ikatikisa na kikombe cha kalamu, kisha polepole ikashusha pumzi na kubaki ikikoroma kwa adabu. Mtaa mzima uliishi kwa mngurumo huo. Muuza magazeti akiusikia alijua amechelewa. Kinyozi alipandisha sauti bila kujijua, akahutubia kichwa kimoja kama anayehutubia mkutano, mpaka mashine iliposhuka.

Lakini uzee haubishani na mtu. Mashine ilianza kuchelewa kufungua barua, kiasi kwamba wateja walileta na kitu cha kufuma. Kisha ikaanza kuzima yenyewe katikati ya sentensi. Siku kinyozi alipokwenda kupigiwa tangazo jipya la kibanda chake, ilizima alipofika kwenye neno "wembe". Ikawashwa, ikazima tena palepale. Na kinyozi akaondoka akiwaambia watu kwamba kompyuta ya Mama Barua inaogopa kunyolewa.

Wifi aliposikia hayo aliitisha kikao sebuleni kwa mama yake. Alikuja amejiandaa.

"Mama," alianza, "mashine imekueleza kwa lugha yake kwamba imechoka. Nawe uielewe. Mimi nimeshakuandalia chumba kwangu. Kina rangi ya maziwa, dirisha linatazama maua. Utakuja, utakaa tu."

"Nitakaa tu nikifanya nini?"

"Hufanyi kitu, Mama. Ndiyo maana ya kukaa tu."

"Basi hicho ndicho ninachokiogopa."

"Chumba kimepakwa na nani?" fundi aliuliza, bila nia mbaya.

Mume wake aliinuka ghafla kwenda kuangalia kama lango limefungwa. Alikuwa ameambiwa ni chumba cha wageni, na tangu alipojua mgeni ni nani amekuwa akilala kwa tabu.

"Wifi," dada mtu akasema, "usitugeuzie mazungumzo. Kama unajua kukitengeneza hicho chuma chako, mbona chuma cha Mama kinakufa mtaa mmoja na wewe? Mganga hajigangi, lakini hata mama mkwe?"

Neno hilo lilimchoma fundi, kwa kuwa kwa muda mrefu alikuwa akiomba aifungue ile kompyuta, na Mama Barua ndiye aliyekuwa akikataa kwa kusema kwamba hajawahi kumwona mtu aliyepasuliwa akarudi kuwa yule yule. Lakini mtu hamshtaki mama mkwe mbele ya wifi.

Mama Barua alisema mwenyewe. "Mke wa mwanangu ataifungua. Abadilishe kinachobadilishwa. Lakini ikirudi ikazima tena mbele ya mteja, nitafunga ofisi kwa mkono wangu na nitakuja kutazama maua. Sitaki mtu aniletee barua kwa kunihurumia."

Wote walijua kwamba jambo limekwisha. Mama Barua alitoka katika zama ambapo ukurasa wenye kosa moja ulichanwa na kuanzwa upya, naye hata katika kusema hakuwa na kifutio.

Kompyuta ilivushwa barabara juu ya mto wa kulalia, kama mgonjwa. Fundi aliiweka mezani, akailaza ubavu, akaisalimia, akaifungua.

Vumbi lililokuwamo lingetosha kupandia maharage. Aliliondoa kwa brashi, ambayo ni brashi ya zamani ya mumewe, ile ndogo ya kupakia pembe za madirisha, laini kwa kutumika sana. Chini ya vumbi alikuta kibanio cha nywele, ganda la peremende, na mbele ya yote, feni iliyochakaa katika mhimili wake hata ikawa inazunguka kwa kuyumba, kama mtu anayetoka kwenye sherehe. Hiyo ndiyo iliyokuwa na ile sauti. Joto lilikuwa halitoki, na mashine iliyozidiwa na joto hujizima ili isiungue. Hapo ndipo lilipokufa tangazo la kinyozi.

Alifanya kazi hiyo bila haraka. Sanduku la umeme, lile linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani, alilitoa na kuweka jipya. Memori iliyokuwamo ilikuwa kama meza ndogo ambayo kila karatasi inayowekwa huangusha nyingine. Aliongeza vipande viwili, akavisukuma mpaka vishikizo vya pande zote vikalia "tiki". Diski ya zamani, iliyokuwa ikizunguka na kukwaruza, alinakili barua zake zote kwenye diski mpya ya aina isiyozunguka kabisa, kisha akaipumzisha. Aliifuta dawa ya kupitishia joto iliyokauka juu ya kichakataji, ule ubongo wa mashine, akapaka nyingine kiasi cha punje ya mchele. Mwisho alifunga feni mpya, kubwa, yenye kuzunguka taratibu.

Vilivyotoka hakuvitupa. Chini ya meza yake lipo kopo la biskuti lililoandikwa kwa rangi ya mumewe "WASTAAFU", na humo ndimo anamolaza kila kifaa kilichotumika kwa heshima. Feni yenye sauti aliilaza juu kabisa.

Alipobonyeza kitufe, mashine iliamka kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Hakukuwa na mtikisiko, wala mkoromo. Alisogeza sikio hadi likagusa bati, na ndipo aliposikia kitu kama pumzi ya paka aliyelala. Fundi huyu si mtu wa kujisifu, lakini siku hiyo alimwita mumewe aje asikilize.

"Sisikii kitu," mume alisema, kikombe mkononi.

"Ndicho nilichokuitia."

Akairudisha ng'ambo, akaiunganisha, akaiwasha, akaiacha ikimngoja mwenyewe, aliyekuwa amekwenda kununua karatasi. Mama Barua alirudi akaikuta iko tayari. Alipiga barua nzima mbele ya mteja bila kungoja hata herufi moja, akamtazama mkwe wake juu ya miwani, akasema, "Mwanangu, umeirudishia ujana." Kutoka kwake, hilo lilikuwa kama hotuba.

Kesho yake asubuhi kinyozi alisimama katikati ya barabara.

"Shikamoo Chuma! Toka! Chuma kimekata roho!"

Fundi alivuka mbio. Mama Barua alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwenye msiba mapema mno.

"Nimebonyeza, kimya," alisema. "Nimebonyeza tena, kimya."

Fundi alibonyeza mara moja, akaondoa kitambaa kilichofunika skrini, akaiwasha skrini. Kila kitu kikaja.

"Ipo, Mama."

"Kwako ipo."

Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Mama Barua akibonyeza, kaburi. Fundi akibonyeza, uhai. Fundi alibadilisha waya wa umeme. Alizichomoa memori akazichomeka upya. Alikagua kitufe chenyewe, akalipima lile sanduku jipya la umeme, akaligusa bati kwa shikamoo nyingi kuliko alizowahi kumpa kiumbe yeyote. Hakuona ugonjwa. Kwa fundi hakuna kitu kibaya kama hicho; mgonjwa mwenye homa utamtibu, lakini utafanya nini na mgonjwa anayekufa ukimpa kisogo na kufufuka ukimgeukia?

Kinyozi hakukosa maelezo. "Mashine imekupenda wewe, fundi. Uliishika sana. Sasa ikimwona mama mkwe inajifanya imelala, kama wakwe wote."

"Lakini haikuzima mbele ya mteja," Mama Barua alikumbusha, kwa kuwa neno lake alilipima kama alivyopima pambizo za ukurasa. "Ilikuwa asubuhi, hapakuwa na mteja."

"Na mimi je, Mama?" kinyozi aliuliza.

"Wewe si mteja. Wewe ni jirani."

Hoja hiyo ilikuwa nyembamba, na wifi aliivunja haraka. Mume wa wifi hunyolewa na kinyozi, kwa hiyo habari ilimfikia kabla ya chakula cha mchana. Alituma neno kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe mapema, akiwa mteja halisi mwenye barua ya kupigwa, na kwamba ndugu yake aje na gari lake la kubebea rangi kwa ajili ya kubeba meza. Alipoulizwa ni barua gani, alisema ni ile ya kumwarifu mwenye nyumba kwamba chumba cha ofisi kinaachwa wazi.

"Anataka niipige mimi mwenyewe?" Mama Barua aliuliza.

"Anasema hakuna anayepiga barua vizuri kama wewe," mwanawe alijibu kwa huzuni, na hapo hakuna aliyeweza kubisha.

Jumamosi asubuhi fundi alivuka barabara bila bisibisi. Alikuwa amewaza, akaona kwamba ameichunguza mashine pande zote isipokuwa upande mmoja: hajawahi kuwapo inapofunguliwa ofisi. Kila mara alikuja baada ya kuitwa, akabonyeza yeye. Akaketi kwenye benchi la wateja.

"Mama, leo sigusi kitu. Fungua ofisi kama unavyofungua siku zote. Jifanye sipo."

"Mkwe hawezi kutokuwapo," Mama Barua alisema, "lakini nitajaribu."

Wakati huo wifi alikuwa ameshafika na karatasi yake, amekaa kwenye benchi hilohilo huku akiipima meza kwa macho. Kinyozi alisimama mlangoni na taulo begani. Mpaka rangi alibaki nje kando ya gari, akilichunguza gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mama Barua alibonyeza kitufe. Kisha, na hapa ndipo fundi alipokaa wima, aliipa mashine kisogo. Hakuitazama kabisa. Alinyoosha karatasi, akachonga penseli, akapangusa miwani, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja. Skrini ilikuwa bado imevaa kitambaa alichokitarizi mwenyewe, chenye maneno "Subira huvuta heri", na chini ya kitambaa hata kitufe chake cha kuwashia hakikuguswa. Kijitaa cha mbele ya kasha kilikuwa kimeungua zamani, na hakuna aliyewahi kukililia.

Chumba kilikuwa kimya. Mama Barua alingoja, uso ukamshuka, akageuka akabonyeza tena. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Imezima," wifi alisema. "Mbele ya mteja. Nimeona kwa macho yangu."

"Mama," fundi aliuliza taratibu, "kwa nini umebonyeza mara ya pili?"

Mama Barua alimshangaa. "Kwa sababu haikuitikia."

"Haikuitikia?"

"Mwanangu, wewe ndiye uliyetufundisha habari za kukisalimia chuma. Nikikibonyeza, ndiyo shikamoo yangu. Kikinguruma, ndiyo marahaba. Kikishusha pumzi najua kimekaa sawa, ndipo nafunua kioo. Mtu ukimwamkia asiitikie, utafanyaje? Utamnunia? Unarudia. Labda hakusikia."

Fundi alifumba macho. Kumbe kila asubuhi mashine ilikuwa ikiamka kwa shikamoo ya kwanza, kimya na kwa haraka kama alivyoitengeneza. Shikamoo ya pili ilikuwa ikiiambia ilale. Ya tatu ikaiamsha, ya nne ikailaza. Mama mkwe na mashine walikuwa wakipishana mlangoni kama wageni wawili wenye adabu ambao kila mmoja anampisha mwenzake.

"Wifi, haikuzima," alisema. "Imezimwa." Akaeleza yote, polepole, akafunua kitambaa, akaiwasha skrini. Ofisi nzima ya Mama Barua ilikuwamo humo, inang'aa.

Kinyozi alipiga makofi. Fundi alidhani mambo yamekwisha, na ndipo alipomtazama mama mkwe wake akaona kwamba sasa ndiyo yameharibika.

Mama Barua alikuwa ameketi. Alikuwa anavua miwani.

"Kwa hiyo mashine ni nzima," alisema. "Aliyeharibika ni mimi. Nimekaa siku zote hizi naizima kwa mkono wangu, halafu nawaita watu kulia. Basi mwanangu yule amesema kweli. Mpiga chapa asiyejua mashine yake imelala au iko macho, afunge. Lete hiyo barua, niipige iwe ya mwisho."

Wifi, aliyekuwa ameingoja kauli hiyo muda mrefu, hakuonekana kuifurahia kama alivyotarajia. Karatasi ilibaki mkononi mwake.

"Hapana, Mama," fundi alisema, na kwa mara ya kwanza mtaa ulimsikia akimkatiza mkwe wake. "Mashine hii ilikuwa na sauti, na sauti ile ilikuwa na kazi. Mimi niliiona ni kelele, nikaing'oa, nikajisifu, wala sikukuuliza. Nilibadilisha vyote vilivyochakaa, pamoja na kimoja ambacho kilikuwa bado kiko kazini. Naomba unipe muda kidogo kabla hujapiga barua yoyote."

"Si utafunga tu kitaa kipya cha mbele?" kinyozi alisema. "Kikiwaka, ataona."

"Taa ni ya macho," Mama Barua alijibu kabla ya fundi. "Macho yangu asubuhi yana miandiko ya watu ya kusoma. Masikio ndiyo yaliyokuwa hayana kazi."

Fundi alivuka barabara akarudi na bisibisi, tochi, na kopo la biskuti. Kinyozi alisoma maandishi ya ubavuni kwa sauti. "Wastaafu! Mama, kumbe wenzako wanakaa humu?"

"Wao walikubali kupumzika," Mama Barua alisema, lakini alivaa tena miwani ili aone.

Mashine ilizimwa kwa utaratibu, waya ukachomolewa, kasha likafunguliwa. Mbele, mahali palipokuwa na nafasi tupu, fundi alitaka kuifunga ile feni ya zamani, na alihitaji mtu wa kumshikia tochi ndani kabisa. Mumewe alikuwa bado anachunguza gurudumu. Kinyozi alikuwa na mafuta ya nywele mikononi. Akabaki wifi.

"Nishikie hapa, wifi. Lakini kwanza..."

"Kwanza nini?"

"Unajua kwanza nini."

Wifi aliangalia huku na huku. Kinyozi aliegemea mlango ili asipitwe na lolote. Kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu, msimamizi wa stoo alinyoosha kidole kimoja akaligusa bati.

"Kidole kimoja ni salamu ya kuibia," kinyozi alisema. "Kwa kiganja, dada. Na usikike."

"Shikamoo," wifi alisema, kwa ukali ambao haujawahi kutumika kwa neno hilo.

Feni ilikaa mahali pake. Fundi hakuiunganisha moja kwa moja na sanduku la umeme, kwa kuwa huko ingenguruma kutwa bila kukoma. Aliichomeka kwenye ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote, unaopima joto na kuziamuru feni, ili ipige kelele wakati wa kuamka kisha itulizwe. Haikuwa na kazi ya kupoza tena, kwa sababu feni mpya nyuma iliitosha mashine yote. Kazi yake ilikuwa moja tu. Akafunga kasha, akasogea, akamwachia mama mkwe nafasi.

Mama Barua alibonyeza, akageuka akaipa kisogo, akaishika penseli.

Mngurumo uliofuata ulitikisa meza. Kikombe cha kalamu kilianza kutembea. Ng'ambo ya barabara mtu alisema, "Haya, Mama Barua ameshafungua!" na muuza magazeti akapita mbio. Kinyozi, bila kujitambua, alianza kusema kwa sauti ya mkutano jambo ambalo kila mtu alikuwa amesimama karibu vya kutosha kulisikia kwa kunong'onwa. Kisha sauti ikashuka, ikashuka, ikabaki mkoromo wa adabu.

"Marahaba," Mama Barua aliisema kwa niaba yake, akafunua kitambaa, akanyoosha mkono kwa binti yake. "Haya, mteja. Nipe barua yako."

Wifi aliitoa, kwa kuwa alikuwa ameishika na hakujua pa kuiweka. Mama Barua aliisoma yote, penseli ikitembea.

"Hapa umeandika mwenye nyumba bila kumsalimia. Hapa sentensi haina mwisho. Na mwili wote wa barua hauhitajiki." Akamrudishia. "Chumba chako cha maziwa ni kizuri, mwanangu, nimesikia kina maua. Nitakuja kulala siku nitakayoumwa na uvivu. Nitakujulisha kwa maandishi."

"Na nani atakupigia?" wifi aliuliza, lakini sasa alikuwa anacheka, akimpisha kinyozi akae kwenye benchi na tangazo lake. Nje, mpaka rangi aligundua kwamba gurudumu ni zima, akaingia kuuliza kama kuna mtu anayetaka chai.

Fundi hakungoja chai. Alikusanya bisibisi na tochi, akavuka barabara. Kopo la wastaafu lilikuwa jepesi kidogo. Alilirudisha chini ya meza. Kisha akachukua ile brashi ya pembe za madirisha, iliyokuwa bado na vumbi la kasha la mama mkwe, akaiingiza ndani ya ndoo ya maji, akazisugua nywele za brashi kwa kidole gumba hadi maji yaliyotoka yakawa meupe. Ng'ambo, kinyozi alikuwa akimsomea Mama Barua tangazo lake, na Mama Barua akimkosoa. Fundi aliikung'uta brashi mara kadhaa mlangoni, akazinyoosha nywele zake zikawa sawa, akaitundika kwenye msumari ikauke.